Nani Anakusikiliza? Ubao, Redio na Mnara wa Simu Garissa

Kabla Garissa haijaona kishikwambi, ilikuwa na loox. Hiyo x usiitamke kama ya eksirei. Kwa Kisomali ni h nzito ya kooni, kama ile ya Ahmed akiitwa na mamake saa ya magharibi. Loox ni ubao mrefu wa mti, mwembamba, wenye mpini wa kushikia. Wino wake ni makaa yaliyosagwa, maji, na gundi ya mti au maziwa kidogo ili ushike. Kalamu ni kijiti kilichochongwa ncha. Unaandika aya zako, unazisoma kwa sauti mpaka zikae kichwani, unakwenda mbele ya maalim kuzisoma bila kutazama. Akiridhika, unaosha ubao na kuandika nyingine. Asiporidhika, unarudi kukaa.

Nilisomea dugsi ya Bulla Iftin, alfajiri, kabla ya kukimbilia shule ya serikali saa mbili asubuhi. Kwa hiyo nililelewa na mitambo miwili ya elimu kwa siku moja, na nimekuwa nikiilinganisha tangu hapo. Mtu wa nje akipita dugsini husikia kelele: watoto arobaini, kila mmoja anapaza sauti yake, hakuna wimbo mmoja. Lakini hiyo kelele ina mpango. Huyu yuko kwenye sura fupi za mwisho, yule amefika Yasin, dada yake bado anashindana na herufi. Hakuna darasa la kwanza wala la pili. Hakuna kurudia mwaka. Mtoto anaenda kwa mwendo wake, na kabiir, yule mwanafunzi mkubwa, anawashika mkono wadogo maalim akiwa na wengine. Siku hizi kuna kampuni zinazouza programu za simu kwa ahadi hiyohiyo, kwamba kila mwanafunzi atajifunza kwa kasi yake. Nikisoma matangazo yao nacheka peke yangu.

Hata kufundisha irabu kulikuwa na ufundi. Sheikh Yusuf al-Kowneyn, anayejulikana kwa Wasomali kama Aw Barkhadle na aliyezikwa karibu na Hargeisa, anasifiwa kwa kubuni, karne nyingi zilizopita, majina ya Kisomali ya alama za irabu za Kiarabu: kordhabay kwa ile ya juu, hoosdhabay kwa ile ya chini, godan kwa ile ya u. Mtoto ambaye hajui neno la Kiarabu alipewa ngazi ya lugha ya mamake ili apande. Watu wa Pwani waliopitia chuo na ubao wao wanaijua hadithi hii kwa njia yao. Shule ya serikali ilipofika kwetu, ngazi hiyo haikuwepo. Ulianza na Kiswahili na Kiingereza, ukajipange.

Na ilichelewa kufika. Mwaka 1926 wakoloni waliifunga Northern Frontier District. Mtu wa nje hakuingia bila kibali. Mwaka 1934 sheria nyingine iliwaongezea maafisa nguvu juu ya makabila na nyendo zao. Wamisionari waliotapakaza shule Nyanza na Mlima Kenya hawakuwa na nafasi hapa, na wazee wetu kwa upande wao hawakuwa na hamu ya shule itakayomrudisha mtoto na jina jipya. Uhuru ulipatikana Desemba 1963, na kabla mwezi huo haujaisha hali ya hatari ikatangazwa Kaskazini Mashariki. Iliondolewa 1991. Hebu hesabu: kizazi kizima kilizaliwa, kikasoma au kisisome, kikaoa, ndani ya hali ya hatari. Katikati yake kukaja ule Waraka wa Serikali Namba 10 wa mwaka 1965, uliosema fedha ziwekwe mahali zitakapozaa haraka, yaani penye mvua, barabara na ardhi nzuri. Sisi hatukuwa na hata kimoja. Sitakaa hapo sana, maana haya wengi wameyaandika.

Ninachotaka kukaa nacho ni redio.

Wakati wa vita vya Shifta, Radio Mogadishu ilikuwa ikirusha matangazo kuelekea Kenya, kwa Kisomali na hata kwa Kiswahili. Idhaa ya Kisomali ya BBC ilikuwa hewani tangu 1957. Sauti ya Kenya nayo ikabidi izungumze Kisomali kujibu. Watu ambao serikali iliwaandika kwenye vitabu vyake kama wasiojua kusoma walikuwa wakifuata siasa za Cairo, London na Addis Ababa kila jioni, wakazibishana. Nguvu ya hizo redio haikuwa porojo. Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Somalia Mohamed Ibrahim Egal walipokubaliana mjini Arusha Oktoba 1967, Kenneth Kaunda akiwa msuluhishi, moja ya mambo waliyoahidiana ni kuacha propaganda za uhasama kwenye redio na magazeti. Fikiria nchi mbili zinamaliza vita na inabidi ziandike redio kwenye mkataba.

Ayeeyo wangu hakuwahi kuingia darasani. Redio yake aliifunga kwa mpira wa baiskeli, na betri zikianza kufa aliziweka juani ili zimpe siku mbili zaidi. Taarifa ikianza, hakuna anayeongea. Taarifa ikiisha, hapo ndipo somo linapoanza. Mmoja anairudia habari yote kwa ambaye alikuwa kisimani, neno kwa neno karibu, na akikosea jina la waziri anasahihishwa na watatu kwa mpigo. Mwingine anabisha. Anamuuliza ayeeyo, "Habaryar, wewe umesikiaje?" na yeye anatoa hukumu. Mimi nilikuwa mtoto wa kupeleka chai, na pale ndipo nilipoanza kujua jiografia.

Kuna wanaodhani redio ilipendwa kwa sababu Wasomali ni "watu wa mdomo". Richard Burton aliandika juu ya wingi wa washairi wao kitabuni mwake mwaka 1856, na tangu hapo kila mgeni anarudia kama amegundua yeye. Mimi naona jambo lingine. Dugsini na kwenye redio, sauti ilikuwa na mtu wa kuijibu. Tazama subac, ule mduara wa watu wanaosoma Kurani kwa zamu, aya moja kila mtu. Ukiteleza, aliye kando yako anakurudisha papo hapo bila kukuaibisha, kisha zamu inaendelea. Kuhifadhi hakukuwa kazi ya kichwa kimoja. Kulikuwa na masikio mengine yanayokulinda.

Kaseti ilipoingia ilifuata njia hiyohiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mshairi Gaarriye alianzisha mlolongo uitwao Deelley, mashairi yanayoshikana kwa herufi D, na washairi wengine, Hadraawi akiwemo, wakamjibu. Yalienea kwa kaseti, mkono kwa mkono, kanda moja ikinakiliwa mpaka sauti inakuwa kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Familia zilizokuwa na mtu Ghuba zilitumiana barua za kaseti: baba anaongea upande A, mama anajibu upande B, na watoto wanapitishwa mmoja mmoja wasalimie. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilipoanza Dadaab mwaka 1991 na 1992, kukawa na taar, simu ya upepo ya kuongea na jamaa Somalia au Eastleigh. Unapanga foleni, unaongea mbele ya watu, na mambo yako ya ndani yanakuwa ya kijiji kizima. Faragha ilikuwa sifuri. Lakini uliyeongea naye alikujibu palepale.

Na maandishi je? Kisomali kilipata alfabeti rasmi ya Kilatini mwaka 1972, ila huko Mogadishu. Shule zetu upande wa Kenya hazikufundisha. Mimi najua kuandika Kisomali kwa sababu ya simu, si mwalimu. Nilijifunza kwa kubishana na mabinamu kwenye Facebook, bana, na tahajia yangu inaonyesha.

Sasa tufike kwa ngamia, maana najua mlikuwa mnamsubiri.

Oktoba 1996, Huduma ya Maktaba ya Taifa ya Kenya ilianzisha Garissa maktaba inayobebwa na ngamia. Walianza na ngamia watatu. Mmoja alibeba masanduku mawili ya vitabu, mia mbili kila upande, mwingine hema, wa tatu vifaa vilivyosalia. Baadaye huduma ilifika hadi Wajir. Wapiga picha kutoka dunia nzima walikuja. Mwandishi Mmarekani Masha Hamilton aliandika riwaya juu yake, ikatoka 2007. Ukiingia mtandaoni leo utaona picha hizo: mchanga, ngamia, mtoto na kitabu chenye rangi. Nzuri. Ukweli ni kwamba vitabu vingi vilikuwa vya Kiingereza, na vilisimulia maisha ambayo mtoto wa malishoni hakuwa na jina lake.

Hata hivyo mradi uliishi, na sidhani ni kwa sababu ya ngamia. Wale wakutubi walikuwa wanarudi. Walitandika mkeka chini ya mti, wakasoma na watoto, wakaenda, kisha wakarejea kwa ratiba na kuuliza: hiki umekimaliza? Kinasema nini? Mtoto aliyeazima alijua kuna mtu atakuja kumsikiliza. Gari lingeweza kufanya kazi hiyo kama barabara zingeruhusu. Kinachopigwa picha ni ngamia tu, maana swali halionekani kwenye picha.

Nililipata tena jambo hili ukubwani, kwenye warsha moja ya walimu nilikokwenda kutafsiri. Mwezeshaji aligawa karatasi zenye maswali, tujue kila mmoja wetu anajifunza kwa njia gani: wa macho, wa masikio, au wa mikono. Kisha akatangaza kwamba watoto wa Kaskazini Mashariki ni wa masikio, kwa hiyo wapewe vipindi vya kusikiliza. Watu wakapiga makofi. Nilikuwa najua ayeeyo angesemaje, lakini mtafsiri hafungui mdomo wake mwenyewe.

Hiyo nadharia ya mitindo ya kujifunza inapendwa sana vyuo vya ualimu, na inapendeza kwa sababu inaonekana kumheshimu mtoto. Shida ni ushahidi. Mwaka 2008 wanasaikolojia wanne wa Marekani, Harold Pashler na wenzake, walipitia tafiti zilizokuwepo wakitafuta kitu kimoja: je, ukimfundisha "mtu wa masikio" kwa masikio anafaulu zaidi kuliko ukimfundisha kwa njia nyingine? Hawakupata msingi wa kutosha wa kuitumia nadharia hiyo madarasani. Watu wana mapendeleo, ndiyo. Lakini somo lenyewe ndilo linaloamua njia. Ramani utaitazama, hata uwe mwana wa mshairi. Na kusema watoto wa jamii nzima ni wa masikio kunafanana mno na ile kauli ya zamani kwamba wao si wa vitabu. Kwanza ubao ule wa dugsi una yote: unaandika kwa mkono, unatazama kwa macho, unasoma kwa mdomo, unasikilizwa. Ni mtindo gani huo?

Nina binamu aliyehifadhi Kurani yote kabla ya kufika darasa la sita. Juzuu thelathini, kwa lugha asiyoiongea nyumbani. Shule aliyosoma, ambayo sitaitaja, ripoti yake iliandika kila muhula kwamba ana uwezo mdogo wa kukumbuka. Hakuna mwalimu aliyewahi kumuuliza chochote kwa mdomo. Darasa lilikuwa na watoto zaidi ya tisini, mtihani ni wa kuweka alama kwenye karatasi, na Kiingereza cha maswali kilikuwa ukuta. Alitoka na alama za chini na akaamini ripoti. Leo anauza nguo Suq Mugdi, na hesabu za wateja ishirini wa mkopo anazo kichwani.

Kampeni za 2013 ziliahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kufikia 2016 ahadi ikawa vishikwambi, vikaanza kusambazwa pamoja na projekta na kompyuta za walimu, zaidi ya vifaa milioni moja nchi nzima, na shule zisizo na umeme wa gridi zikawekewa sola. Sipingi hata kimoja. Lakini wakati vifaa vinaingia, walimu walikuwa wanatoka.

Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilivamiwa na al-Shabaab. Watu 28 waliuawa, miongoni mwao walimu waliokuwa wakienda likizo ya Krismasi. Tarehe 2 Aprili 2015 wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri. Watu 148 walikufa, wengi wao wanafunzi. Siku zile simu zilionyesha sura yake nyingine: Wakenya walikusanya majina na picha mtandaoni, wakisema 147, hesabu ya siku za kwanza, si namba tu. Huku Garissa tulikuwa tunazipokea picha hizo kwenye simu zetu, na wengine wetu tulikuwa tumeuziana chai na wale waliokuwa kwenye picha.

Kisha Januari 13, 2020, Kamuthe, kaunti hii hii ya Garissa. Usiku ule walimu watatu waliuawa, na washambuliaji walilenga pia mnara wa mawasiliano. Usiku mmoja, mwalimu na mnara. Minara imeharibiwa mara nyingi eneo hili. Mnara ukianguka, kijiji hakiwezi kuita msaada, hakiwezi kutuma pesa, na hakiwezi kusikika. Wiki chache baadaye, Tume ya Kuwaajiri Walimu ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Siwalaumu waliotaka kuondoka, nani angebaki? Lakini kuna shule zilizoamka na mwalimu mmoja, na nyingine na vijana waliomaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia wakishika chaki.

Na kabla mtu hajapumua, ikaja korona. Shule zote nchini zikafungwa kuanzia Machi 16, 2020. Taasisi ya mitaala, KICD, ikapeleka masomo kwenye redio, runinga na mtandao. Niliwasikia watu Nairobi wakisema hii ndiyo dawa ya Kaskazini Mashariki: si hawa watu wanapenda redio? Walimu wamekimbia, basi sauti itawafikia. Nilikuwa nyumbani miezi ile. Redio ilisoma somo la sayansi kwa Kiingereza, ikamaliza, ikasema kwaheri. Mdogo wangu alibaki ameishikilia. "Abaayo, sasa nimwulize nani?" Redio ya ayeeyo ilikuwa na mduara wa watu wakubwa waliojua Kisomali cha taarifa. Hii ilikuwa na mtoto wa miaka kumi na mmoja na neno photosynthesis.

Dadaab, kilomita kama mia moja kutoka mjini, ilikuwa imeshaonyesha namna nyingine. Mwaka 2013 shirika la wakimbizi la UNHCR na wakfu wa Vodafone walianzisha huko shule zenye intaneti, vishikwambi na walimu waliofunzwa kuvitumia. Baadaye wakatengeneza sanduku la kilo 52 lenye vishikwambi 25, kompyuta, projekta na spika, la kubebwa hadi darasa lisilo na umeme. Mwaka huohuo wa 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Kanada, vilianza mradi wa elimu ya juu kwa wakimbizi. Wanafunzi wengi walikuwa walimu wa kambini. Walisoma mtandaoni, lakini pia kulikuwa na kituo mjini Dadaab, meza, na wahadhiri waliosafiri kuja kukaa nao. Intaneti ikikatika, darasa halikufa. Wengine walihitimu na kubaki wakifundisha watoto wa Ifo na Hagadera. Hao ni walimu ambao hakuna barua ya uhamisho iliyowaondoa.

Upande huu wa mjini, mwalimu mmoja wa hisabati aliyehamishwa 2020 yuko Machakos sasa. Sitamtaja. Waliokuwa wanafunzi wake walimtafuta, wakaunda kikundi cha WhatsApp, na wanaoishi mbali zaidi wanatumia simu ya jamaa mwenye bando. Hatumi video, zinakula pesa. Anarekodi sauti ya dakika mbili, swali moja tu. Wao wanalifanya kwenye daftari, kisha kila mmoja anarekodi akieleza alivyofika kwenye jibu, hatua kwa hatua, Kiswahili na Kisomali vikichanganyika, mbuzi wakilia nyuma. Anazisikiliza zote jioni. Mmoja wa wasichana aliniambia huwa anarekodi mara nne kabla ya kutuma, kwa sababu mwalimu husikia pale unapobahatisha. Wiki mnara wao ulipozima walikusanya majibu kwenye simu moja, na kijana wa bodaboda akaibeba hadi penye mtandao. Alirudi na majibu ya mwalimu jioni ileile, na swali la kesho.